Mtani aliyemzika baba yangu ananiita "dili"

Shikamoo Mama.

Nina miaka 27, naishi Tabora mjini na mama yangu na kaka yangu. Nina ualbino. Baba na mama ni Wazaramo wa Kisarawe. Baba aliletwa huku na kazi ya reli, akastaafia hapa, akazikwa hapa. Na unajua Mzaramo akikaa Unyamwezini hana siku ya kupumzika: ukienda kisimani unataniwa, ukienda harusini unataniwa. Nimekua hivyo na sijawahi kuona ubaya.

Baba alipofariki miaka minne iliyopita ndugu zetu wa pwani hawakuwahi kufika. Aliyesimama ni jirani yetu, Mnyamwezi, mtani wa baba wa miaka mingi. Alichimba kaburi, alipika, alitafuta turubai na viti. Jeneza lilipotoka akalala njiani akasema marehemu hapiti mpaka alipe deni la kahawa. Watu walicheka huku wanalia. Mama mpaka leo akisimulia msiba ule anaanzia hapo.

Yeye ndiye aliyenitafutia kazi. Ni msimamizi wa ghala katika kampuni inayonunua asali kwa wafugaji wa nyuki. Mimi ni karani, naandika stakabadhi, na huu ni mwaka wangu wa pili. Nilikaa dirishani ndani, na kioo changu cha kukuzia maandishi, na kazi ilikwenda vizuri.

Tatizo ni jina. Nikiingia getini asubuhi anapaza sauti: "Dili limefika, fungeni geti!" Vibarua wanacheka. Kuna siku alisema mbele ya wateja kwamba akiniuza analipa mikopo yake yote na anabakiwa na ya gari. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Nikimrudishia kwamba babu yake alibeba pembe za ndovu za watu mpaka Bagamoyo bila kuuliza mshahara, anacheka mpaka anashika mbavu, kwa hiyo sitasema ni mtu wa chuki.

Lakini Mama, mimi nilikuwa mtoto wa shule wakati wenzetu wanauawa Kanda ya Ziwa. Nilipelekwa shule nikiwa katikati ya watu wawili. Na mwaka 2024 yule mtoto mdogo wa Kagera alipochukuliwa na kuuawa, mama alirudi kulala chumbani kwangu, mimi mtu mzima. Neno "dili" nikilisikia tumbo linakaza hata kama nacheka.

Wiki sita hivi zilizopita dereva mgeni, aliyekuja kupakia mzigo, alinifuata nje jioni akaniuliza taratibu, bila kucheka: "Hivi kweli wewe una bei gani?" Nilikimbia. Siku iliyofuata nilikwenda kwa meneja nikaeleza yote, la dereva na la msimamizi. Meneja akasema, "Utani wenu mnaujua wenyewe, msituingize." Wiki haikuisha, msimamizi akanitoa dirishani akanipeleka uwanjani kwenye mizani. Alisema kama ndani kuna maneno, nje kuna hewa.

Leo ni wiki ya tano niko juani. Shingo imetoka madoa yanayouma na moja halikauki. Namba za mizani ni ndogo, nimekosea ndoo kadhaa, na mwisho wa mwezi nimekatwa shilingi 46,000. Msimamizi ameacha kuniita "dili". Sasa haniiti chochote.

Chama chetu cha watu wenye ulemavu kinakusanya maoni ya wanachama. Tunataka Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ibadilishwe, iseme waziwazi kuhusu unyanyasaji wa maneno na imlazimishe mwajiri kuuzuia kabla haujatokea. Katibu ameniomba nisimame kwenye mkutano nieleze yangu kwa jina, na watu wa redio watakuwepo. Anasema hadithi moja ya kweli inazidi kurasa kumi. Kaka anasema niende kushtaki, nisipoteze muda na mikutano. Mama anasema deni la msiba halilipwi kwa kumpeleka mtu kwenye sheria, na kwamba nikifanya hivyo yeye atapita njia gani kwenda sokoni.

Je, nakuza jambo? Na nikinyamaza, nimenyamaza kwa heshima au kwa woga? Sijui tena.

Binti wa Reli, Tabora

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma usiku, asubuhi nikairudia. Naomba nianze na shingo yako kabla ya utani na sheria. Doa lisilokauka kwa mtu mwenye ualbino halisubiri mkutano wala shauri. Ngozi yenu haina rangi ya kuikinga na jua, na saratani ya ngozi ndiyo inayowaondoa wengi wenu mapema katika nchi yetu hii ya jua. Nenda hospitali ya Kitete wiki hii, uone daktari wa ngozi au uelekezwe alipo. Ukiwa huko, omba akuandikie kwamba hufai kufanya kazi juani. Karatasi hiyo ni dawa, na baadaye inaweza kuwa na kazi nyingine.

Na dereva. Hilo siliweki kwenye fungu moja na mengine. Mtu asiyekujua, aliyekufuata peke yako jioni akakuuliza bei, huyo si mtani wa mtu. Mwambie mwenyekiti wa mtaa, na polisi wapate namba ya gari na tarehe hata kama imekaribia miezi miwili. Usiogope kuambiwa umechelewa.

Sasa tuje kwenye moyo wa barua. Ukiniruhusu niiseme kwa maneno yangu: mtu aliyeibeba familia yenu siku ngumu kuliko zote amekuwa akikuita kwa jina linalokukumbusha kifo. Ulipolisema, ukahamishwa juani. Sasa chama kinataka sauti yako, kaka anataka kesi, mama anataka amani, na wewe katikati huna uhakika hata kama una haki ya kuumia.

Unauliza kama unakuza jambo. Nami nina swali. Kaka yako naye ni Mzaramo, mtoto wa baba yuleyule, jirani wa mtu yuleyule. Yeye anaitwaje?

Nakuuliza kwa sababu nimekulia kwenye nyumba ya watani na najua utani unavyokula. Mzaramo anaambiwa mvivu, Mnyamwezi anaambiwa mpagazi. Anayetaniwa ni kabila zima, na linajibu kabila zima. Wewe ulipomrudishia la pembe za Bagamoyo mlikuwa ndani ya utani, tena mtamu, maana safari zile za Unyamwezi na pwani ndiko wazee wanakosema utani wenu ulikotoka. Lakini "dili" unalirudishaje? Yeye ana nini mwilini mwake ambacho mtu amewahi kukitafuta kwa panga? Kama kaka yako haitwi hivyo, basi huenda neno hilo halikutoka kwenye Uzaramo wako, limetoka kwenye ngozi yako. Sisemi ndivyo ilivyo. Wewe ndiye uliyesimama getini.

Hapo hapo nikugeuzie upande wa pili. Umeandika mwenyewe kwamba ulikuwa unacheka. Sikulaumu, wengi tunacheka tukiwa tumekaza tumbo, hasa mbele ya aliyetupa kazi. Lakini je, amewahi kusikia kutoka kinywani mwako, mkiwa wawili, kwamba neno lile linakuumiza? Au alisikia kwanza kwa meneja? Inawezekana mzee huyu aliona ameshtakiwa na mtoto wa rafiki yake bila kuitwa pembeni, akakasirika kama mzazi na si kama bosi. Hilo halimpi haki ya kukuweka juani, ila linaweza kubadilisha namna ya kumfikia.

Kuna hoja ambayo wanaotunga sheria wanaijua sana: je, tutazame nia ya msemaji au athari kwa msikiaji? Uingereza, katika sheria yao ya usawa ya 2010, waliandika yote mawili. Tendo lisilotakiwa linalohusiana na ulemavu wa mtu ni unyanyasaji likiwa na lengo la kumvunjia utu, au hata bila lengo hilo, likiwa na matokeo hayo. Ila hawakumwachia msikiaji peke yake. Wanaosikiliza kesi wanatazama alivyojisikia yeye, mazingira yalivyokuwa, na kama ni busara kwa tendo lile kuleta athari ile. Kama chama chenu kinaandaa maoni, sentensi ya namna hiyo ingefaa sana mkoa kama wetu, ambako "ni utani tu" inafungua kila mlango na kuufunga.

Lakini hapa ndipo ninapotaka utulie unisikilize. Sheria mnayoiomba, hata ikipita kesho, kwa kawaida haitarudi nyuma kukuokota ulipo. Nimeona kwenye barua yako mkutano na shauri vimekaa kama njia panda, uchague kushoto au kulia. Mimi naona ni mambo mawili yenye saa mbili tofauti, na saa moja inakwenda haraka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, tayari iko kazini. Kifungu cha 7 kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu, na kinasema kwa sentensi moja kwamba unyanyasaji kwa misingi hiyo ni aina ya ubaguzi na umekatazwa. Ni fupi, ndiyo maana mnataka iliyo ndefu zaidi, lakini ipo. Kifungu hichohicho kinasema ukionyesha dalili za msingi za ubaguzi, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba haukutokea au haukutokana na ulemavu wako. Tena kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza usawa kazini. Muulize meneja, kwa adabu, wa kwenu uko wapi. Ningependa kuiona sura yake.

Ya 46,000 ndiyo rahisi kuliko yote. Kifungu cha 28 hakimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kama anavyopenda. Anatakiwa akueleze kwa maandishi hasara ni ipi, kiasi gani na imehesabiwaje, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira. Kama hukupewa karatasi yoyote, una pa kuanzia pasipohitaji kutaja "dili" kabisa. Maneno ya getini yamekwenda na upepo. Kuhamishwa kwako na makato yako yameacha alama kwenye daftari.

Mahali pa kupeleka ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hawatozi ada ya kufungua. Unajaza fomu namba 1, na nakala mwajiri anapewa kwanza, kwa hiyo usidhani utafungua kimyakimya. Kwa mgogoro kama wako, usiohusu kuachishwa kazi, muda ni siku 60 tangu ulipotokea. Barua yako iliandikwa wiki ya tano, nami naijibu siku kumi baadaye. Chukua kalenda uhesabu mwenyewe: kwa la kuhamishwa umebakiwa na kama siku 15. Ukipitisha unaweza kuomba uongezewe muda kwa sababu za msingi, ila hapo unaingia kwa hisani ya msikilizaji.

Mama yako anaona kwenda Tume ni kumburuza mzee wa watu. Mweleze hivi: anayelalamikiwa ni kampuni, na hatua ya kwanza ni usuluhishi. Mnakaa chumbani na msuluhishi, kwa muda usiozidi siku 30, kutafuta mnachokubaliana. Unaweza kwenda pale kuomba vitu vinne tu: dirisha lako, pesa yako, jina lako mwenyewe, na kwamba mgeni akikutishia uongozi unachukua hatua. Hakuna anayefungwa. Ila nisikudanganye kwamba hakuna gharama. Mzee atajua, mtaa utajua, na kazini kunaweza kuwa baridi kuliko sasa. Kifungu cha 37 kinasema ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na wewe umeshavuka ile miezi 6 ya mwanzo ambayo kinga hiyo haimfikii mtu. Lakini kinga ya kwenye karatasi na msimu unaofuata wa kuitwa au kutoitwa kazini, mwanangu, ni vitu viwili. Ongea na msaidizi wa kisheria kabla ya kujaza fomu.

Ipo njia ya tatu, ya nyumbani, na sitaki uidharau. Watani wana wazee wao. Yupo mtu ambaye msimamizi wako akimwona anavua kofia, mama anamjua. Mzee huyo akimwita wakanywa kahawa, akamwambia "hili la mtoto limepita kimo cha utani", linaweza kuisha kwa siku mbili na pengine likamgusa kuliko fomu yoyote. Hatari yake unaijua: vikao vya wazee havina kalenda. "Tutakaa wiki ijayo" zikifika tatu, siku zako 60 zimekwisha huku unamsubiri mtu atoke shambani. Ukiichagua, ipe tarehe ya mwisho moyoni mwako, na endelea kukusanya karatasi: ya daktari, ya mshahara, siku ulizokaa juani, nani alikuwepo getini siku ya maneno ya kuuzwa. Unaweza pia kumwandikia meneja barua ya nusu ukurasa ukiomba kivuli na mizani yenye namba kubwa, bila kumlaumu yeyote. Barua ya namna hiyo ni vigumu kuikataa kwa tabasamu, na nakala yake inabaki kwako.

Mkutano, sasa. Katibu wenu ana nia njema, lakini ameomba kitu kikubwa. Nakubaliana naye kwamba watu hubadilishwa na walichokisikia kwa mhusika. Tunawakumbuka waliofungua njia: Al-Shaymaa Kwegyir alipoingia bungeni mwaka 2008 kwa uteuzi wa Rais, nchi ilimsikia mtu mwenye ualbino akijisemea. Ila yeye alisemea bungeni. Wewe unaombwa utaje jina, mtaa na mahali pa kazi kwenye redio inayosikika mpaka vijijini, wiki chache baada ya mtu kukuuliza bei. Sikutishi, nauliza kama katibu ameliwaza hilo. Yako mengine katikati: ushuhuda wako usomwe na mwenzako bila jina, uandikwe kwenye maoni ya chama, au usimame wewe lakini redio wazime mashine zao kwa dakika kumi. Waulize. Na kama shauri litakuwa mbele ya msuluhishi, muulize msaidizi wa kisheria lipi utangulize, maana yaliyosemwa hadharani hayarudi chumbani.

Inawezekana pia uamue kutofanya lolote kati ya hayo, ubaki na kivuli na matibabu, uendelee na maisha. Nikisema hivyo kaka yako atanikasirikia. Lakini si yeye anayeingia getini saa moja asubuhi.

Umeuliza unanyamaza kwa heshima au kwa woga. Kwa barua hii siwezi kuzitenganisha, na sidhani kama ni lazima uzitenganishe ndipo uamue. Nilichosoma ni binti anayempenda mzee yuleyule anayemwogopa. Deni la msiba lipo, mama hakosei. Sijui tu kama ni wewe unayepaswa kulilipa, na kama sarafu yake ni shingo yako.

Mama nisalimie sana. Mwambie nimecheka ile ya deni la kahawa. Halafu mkiwa mmekaa, muulize taratibu: marehemu angekuwa amesimama pale getini asubuhi ile, anasikia binti yake anatajiwa bei mbele ya wateja, angemjibu nini mtani wake? Yeye anamjua kuliko sisi wote. Jibu lake ningependa uniandikie, hata kama ni mstari mmoja, lakini Kitete kwanza.